Bonyeza hali uliyonayo, siyo unayoitamani

Kwa wanaotumia zile programu za simu zinazokuuliza unajisikiaje, kisha zinakupangia sauti na rangi ya skrini: ukiulizwa, bonyeza hali uliyonayo sasa hivi, hata kama ni hasira. Usikimbilie "utulivu". Nikirudi nyumbani Majengo hapa Moshi, kichwa bado kinavuma kelele za stendi, nilikuwa naanza na utulivu moja kwa moja, na ule mlio wa maji taratibu ulinizidishia kero. Sasa naanza na "msongo", inanipa ngoma zenye kasi kidogo. Baada ya dakika kama 10 nahamia hali ya katikati, ndipo utulivu. Watabibu wa muziki wanaijua njia hii tangu miaka ya 1940, wanaiita kanuni ya iso: muziki uanze pale mtu alipo, kisha umvute polepole. Mapigo ya moyo yakiwa bado juu, sauti ya taratibu inayokuja ghafla inaweza kuonekana kama usumbufu.

Inapogoma ni kwenye huzuni. Ukiibonyeza na kuiacha icheze saa nzima inaweza kukuzamisha zaidi, kwa hiyo tega kengele ya dakika 10 kabla hujajilaza. Na huzuni iliyokaa wiki kadhaa, tafadhali, ipeleke kwa daktari. Jingine dogo: pakua sauti mapema, maana bando likikata katikati unarudi ulikotoka. Msimu wa masika, mvua ikipiga bati, zima tu simu usikilize mvua.