Kumsaidia mtoto wa kidato cha nne kudurusu nyumbani, hata kama somo lenyewe hulijui

Mtihani wa kidato cha nne wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) hufanyika Novemba. Anzeni Agosti, mkiwa na matokeo ya mtihani wa majaribio mkononi. Mzazi si lazima ufundishe. Kazi yako ni kulinda muda wake, kushika daftari na kuuliza.

Hatua ya 1: Hesabuni pointi
Daraja hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. C huanzia alama 45, B 65, A 75. Mwenye 41 ya Jiografia amebakiza alama 4 tu apate C, lakini mwenye 78 ya Kiswahili hata akifika 90 pointi yake ni ile ile. Watoto wengi hung'ang'ania somo wanaloliweza kwa sababu lina raha. Chagueni masomo matatu yaliyo karibu kuvuka mpaka, hayo ndiyo yapewe muda mwingi.

Hatua ya 2: Ratiba
Vipindi viwili vya dakika 40 kila jioni, na mapumziko ya dakika 10 katikati. Andikeni mada badala ya jina la somo: "Biolojia" haimwambii aanzie wapi, "upumuaji, maswali 5" inamwambia. Kabla ya hapo tazama kazi zake za nyumbani. Binti anayemaliza vyombo saa 4 usiku hana ratiba, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani. Kaka zake waoshe vyombo hadi mtihani uishe.

Hatua ya 3: Daftari lifungwe
Hatua hii ndiyo inayobeba mzigo. Kusoma notisi mara tano humdanganya mtoto: ukurasa ameuzoea, basi anadhani anaujua. Asome mada kwa dakika 20, akukabidhi daftari, akueleze kwa Kiswahili bila kuchungulia. Wewe fuata vichwa vya mada na michoro. Akiruka kitu, weka alama ya penseli pembeni. Kisha aandike maelezo hayo hayo kwa Kiingereza, maana ndivyo atakavyojibu karibu masomo yote. Wengi hunasa hapa: anaeleza vizuri jinsi moyo unavyosukuma damu, lakini akishika kalamu inatoka sentensi moja.

Akikwama kueleza kwa Kiswahili, mada hajaielewa; arudi kwa mwalimu. Akikwama kuandika tu, anachokosa ni msamiati: aorodheshe maneno 10 ya mada hiyo na kuyatungia sentensi. Rudieni mada kesho yake, baada ya siku 3, kisha baada ya wiki.

Hatua ya 4: Mitihani iliyopita
Tovuti ya NECTA ina mitihani iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya. Jumamosi asubuhi afanye karatasi nzima, simu yake ukiwa nayo wewe. Hisabati ni saa 3 kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 10 lisizidi dakika 18. Asitazame majibu kabla hajamaliza. Kila alama iliyopotea iingie kwenye daftari la makosa pamoja na sababu yake: hakujua, alifanya haraka, au aliambiwa aeleze akataja tu.

Hatua ya 5: Wiki ya mtihani
Hakuna mada mpya, hakuna kukesha. Apate usingizi wa muda wa saa 8, kwa kuwa ubongo hupanga kilichosomwa wakati wa usingizi. Kalamu mbili, rula na mkebe wa hesabu viwekwe tayari tangu jioni. Akirudi, msiijadili karatasi aliyokwisha kuifanya. Mpe chakula, apumzike, kisha apitie makosa ya somo la kesho.