Kupeleka kundi Gombe kutoka Kigoma mjini: boti kwanza, sokwe baadaye

Kijana mmoja aliyemaliza kozi ya kuongoza watalii hivi karibuni alikabidhiwa kundi la watu 12 alipeleke Hifadhi ya Gombe kuona sokwe: walimu wastaafu kumi kutoka Dodoma, na Wajerumani wawili waliojiunga nao. Akaanza kunitumia maswali kwa simu, mengine usiku wa manane. Haya ndiyo majibu, nimeyapanga kwa hatua ili mwenye kundi lake naye ayatumie. Jinsi ya kushika kipaza sauti na kuhesabu watu kwenye basi sielezi, hayo chuoni mlifundishwa.

Hatua ya 1: Lijue kundi kabla halijafika

Andika jina, uraia na namba ya kitambulisho cha kila mtu. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni kutoka nje vimepishana mno, na mtu asiye na kitambulisho mkononi hawezi kudai kiingilio cha raia kwa lafudhi yake. Wape taarifa mapema, maana wastaafu wengi huiacha kadi ya NIDA kabatini nyumbani isije ikapotea.

Kisha uliza afya, ila si mbele ya kundi. Mtu mzima hawezi kukiri mbele ya wenzake kwamba magoti hayamsaidii. Mpigie mmoja mmoja: "Shikamoo mwalimu, nataka kupanga safari vizuri. Kupanda mlima unajionaje?" Gombe inaanzia ufukweni na kupanda moja kwa moja. Hakuna tambarare ya kuzugia. Uliza presha, sukari, na nani anaogopa maji. Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko wote.

Mwisho, ligawe kundi. Wageni wanaoruhusiwa kukaa na sokwe kwa wakati mmoja ni sita, na muda ni saa moja. Watu 12 ni makundi mawili, na majina yapangwe mkiwa bado Kigoma. Ukiacha wagawane wenyewe asubuhi ile, wenye nguvu watajikusanya upande mmoja, wazee watabaki peke yao, na mke na mume watatengana wakununie hadi Dodoma.

Hatua ya 2: Malipo

Getini hawapokei fedha taslimu. Omba namba ya malipo, lipa benki au kwa simu ukiwa mjini, chapisha risiti, beba nakala mbili. Basi.

Hatua ya 3: Boti

Hapa ndipo safari inapoharibika au kupona, kwa hiyo nivumilie.

Hakuna barabara ya gari inayokufikisha Gombe. Ni majini tu, kilometa kama 16 kaskazini mwa mji. Una njia mbili. Ya kwanza ni boti za abiria za ufukwe wa Kibirizi, zile zinazobeba watu, magunia, magodoro na kuku wa vijiji vya kaskazini. Huondoka mchana na kurudi alfajiri, na Jumapili usizitegemee. Ni za bei nafuu, na kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni ni safari tamu kuliko zote. Kwa wastaafu kumi, hapana. Hukuwaambia watoe pesa zao za kiinua mgongo waje wakae saa tatu juu ya mifuko ya saruji.

Ya pili ni kukodi boti yenu. Utaambiwa uchukue ya faiba kwa sababu inakwenda kasi. Mimi sichukui. Faiba ni nyepesi, na ziwa likichafuka kidogo inarukaruka, na kila ikitua ni mgongo wa mtu unaopokea. Nachukua boti ya mbao, pana, yenye paa la turubai. Ni nzito na ya polepole, lakini inalala juu ya maji. Tofauti ya muda haifiki hata saa nzima, na hakuna atakayekulalamikia kwa kuona vilima vya Kigoma taratibu.

Ukishaipata, usilipe. Nenda ufukweni jioni ya siku moja kabla ukaione kwa macho yako, usitumiwe picha. Ninachotazama ni hiki.

Mashine. Nataka mbili, hata kama ya pili ni ndogo na imelazwa tu sakafuni. Mwambie nahodha aiwashe mbele yako. Akisema "hiyo inawaka tu, usiwe na wasiwasi", mwambie sawa, iwashe.

Mafuta. Nieleze kwa nini nimekuwa msumbufu kwenye jambo hili. Siku moja tuliondoka na wageni mapema, ziwa shwari, na mbele ya kijiji cha Kalalangabo mashine ikakohoa ikazima. Nahodha akavuta kamba, akavuta tena, akafungua plagi akaifuta kwa shati lake, akavuta. Kumbe mwenye boti alikuwa ametukabidhi dumu lenye petroli iliyoingia maji. Tukaanza kusukumwa na upepo. Mgeni mmoja akauliza kwa nini tusitupe nanga. Swali zuri, lakini hili ni Tanganyika. Kina chake kikubwa ni mita 1,470, na hata karibu na nchi kavu, ukisogea kidogo tu sakafu imeshaporomoka. Kamba yetu ya nanga ilining'inia majini bila kugusa kitu. Tulivutwa na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi wamechelewa, na nusu siku ya wageni ikaishia hapo.

Tangu hapo nabeba chupa ya plastiki angavu, ile ya maji ya kunywa ya nusu lita. Namwambia nahodha anichotee petroli kutoka chini ya kila dumu, si juu, maana maji ni mazito na hukaa chini. Naiacha itulie kama dakika kumi juu ya jiwe. Ikiwa na maji utayaona: tone jeupe linatembea chini ya petroli ukiinamisha chupa, na halichanganyiki. Dumu hilo halipandi botini. Nahodha wengine hukasirika, wengine wameanza kunifuata tabia. Hesabu pia kiasi: mafuta ya kwenda, ya kurudi, na nusu ya hayo juu yake, kwa kuwa Gombe hakuna kituo cha mafuta.

Jaketi okozi. Zihesabu, kisha zijaribu. Ziko zenye kamba zilizokatika na ziko za watoto zinazohesabiwa kama za watu wazima. Zivaliwe mkiwa bado mchangani, zifungwe. Utawakuta wazee wamezikalia kama mito, kwa sababu ubao ni mgumu kweli. Basi nunua vipande vya godoro Kigoma sokoni, uwape wakalie hivyo, jaketi zibaki vifuani.

Karatasi. Boti iwe na leseni na cheti cha ukaguzi kilicho hai kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Na mkataba wako na mwenye boti uwe wa maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari: mafuta ni ya nani, nahodha atalala wapi na atakula nini, siku ya kusubiri inalipwaje, mkichelewa kurudi inakuwaje. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi salama. Karatasi hiyo ipige picha.

Sasa upepo. Wengi hupangilia safari ya kwenda wakasahau kwamba kurudi ndiko kugumu. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, kusi inavuma. Mkienda Gombe mnaelekea kaskazini, upepo uko mgongoni, na kila mtu anasema ziwa zuri. Mkirudi mnaupokea usoni na mawimbi yanaingia botini kwa ndoo. Kwa hiyo kurudi ni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mimi naondoka Kigoma saa 1 asubuhi, na siku ya kurudi vilevile. Mgeni anayetaka kukaa hadi mchana "apate jua kidogo" mwambie jua liko Kigoma pia. Miezi ya mvua kusi si tatizo, tatizo ni radi na dhoruba za ghafla. Nahodha akitazama mlima akasema tusubiri, mnasubiri, hata kama mbingu ya kwako ni bluu. Usimbembeleze nahodha hata siku moja. Ukimbembeleza atakubali ili asipoteze kazi, na hapo ndipo ajali inapozaliwa.

Jambo la mwisho: tangu maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni, fukwe nyingi zimeliwa na sehemu za kushukia zimehama. Usiahidi kushuka bila kulowa. Viatu vyepesi vya kuvuliwa viwe miguuni, viatu vya kupandia mlima viwe kwenye mfuko.

Hatua ya 4: Laleni Gombe

Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana na kampuni nyingi zinauza hivyo. Sipendi. Mnafika jua limeshapanda, sokwe wameshaondoka walikolala, na mnawafukuzia mlimani huku mkitazama saa. Fika asubuhi, pumzisha watu, waende maporomoko ya Kakombe alasiri kwa mwendo wao. Matembezi hayo ndiyo mtihani wako: anayeshindwa Kakombe, mwombe kwa heshima abaki ufukweni kesho yake, asipandishwe mlimani.

Na milango ifungwe. Sokwe hawakusumbui ndizi zako, nyani ndio watakaoingia chumbani.

Hatua ya 5: Asubuhi ya sokwe

Kila jioni sokwe hujenga viota vipya mitini. Wafuatiliaji wa hifadhi huona walipolala na kurudi hapo kabla hakujapambazuka, kisha huwaita waongozaji kwa redio. Kazi yako asubuhi hii ni ndogo kuliko unavyodhani. Mwongozaji wa hifadhi ndiye bosi msituni.

Yako ni kifungua kinywa. Simulia hapo, kwa sababu msituni ni kimya. Waambie jinsi mtafiti Jane Goodall alivyofika Julai 1960 akiwa na mama yake, na jinsi mwaka huohuo alivyomwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokonoa kichuguu kwa jani la nyasi ili avue mchwa, wakati wataalamu waliamini kutengeneza vifaa ni kazi ya binadamu peke yake. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alipofariki Oktoba 2025, utafiti wa sokwe hapa ulikuwa umepita miaka 60.

Halafu kagua mafua. Mtazame kila mtu usoni. Mwenye kikohozi, homa au makamasi habaki kwenye orodha, na hapo ndipo utaona mtu mzima anameza dawa kwa siri nyuma ya mwembe. Usimfokee. Mweleze kwamba sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na kwamba mwaka 1966 polio iliingia Gombe ikaua sokwe na kuwapoozesha wengine. Nikiwaeleza hivyo walimu huelewa haraka, na aliyefundisha sayansi huwa msaidizi wangu. Barakoa zivaliwe mkiwakaribia. Umbali ni mita 10 usipunguzwe. Hakuna kula, hakuna kutema mate. Sokwe wakija njia yenu, pisheni pembeni, msikimbie.

Hatua ya 6: Ujiji

Asubuhi inayofuata, mkirudi mjini saa nne mnabaki na siku karibu nzima. Wapeleke Ujiji, kwenye mnara wa Livingstone. Kila mgeni anajua habari ya Stanley kumkuta Livingstone pale Novemba 1871, kwa hiyo usiimalize pumzi hapo. Waeleze kwamba wapelelezi Waingereza Burton na Speke walikuwa wamefika Ujiji tangu 1858, tena kwa njia iliyokuwa tayari imechongwa na misafara ya pembe na ya watumwa, kutoka ziwani kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Watu walitembea zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu, wengine shingoni wana minyororo. Na usiwasahau watumishi wake Chuma na Susi, walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake 1873. Ukitaja mwaka vibaya mbele ya wastaafu hawa utasahihishwa papo hapo, kwa hiyo jisomee usiku.

Miembe ya pale muachie mwenyeji wa makumbusho aieleze. Ni eneo lake. Na mkikutana na mzee wa Kiha njiani, msimame. Salamu za Waha hazina haraka, na wageni wako watafurahia kuzijibu kuliko kusoma bango.

Meli kongwe MV Liemba ikiwa bandarini, waonyeshe mkiwa mbali: iliundwa Ujerumani, Papenburg, ikaletwa vipandevipande, ikashushwa ziwani hapa Kigoma 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka uliofuata, ikaibuliwa 1924. Wajerumani wako watataka picha. Bandarini hakupigwi picha bila ruhusa, omba kwanza.

Hatua ya 7: Dagaa na mawese

Wote watataka. Dagaa wanunuliwe Kibirizi, waliokauka kweli: mchukue mmoja umvunje, akipinda bado ana maji na mfuko mzima utaoza kabla ya Manyoni. Mkifika msimu ziwa limefungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kati ya Mei na Agosti 2024, usiahidi dagaa wapya wala taa za wavuvi usiku. Wanaorudi kwa treni wabebe mawese wanavyotaka, dumu lisimame wima na mfuniko ufungwe kwa nailoni kwanza. Wa ndege uwaambie mapema waulize shirika lao, kwa sababu dumu la mawese likikataliwa kaunta, litaachiwa wewe, na mwenyewe atakupigia simu kila wiki kuuliza limefikia wapi.