Kuchagua Mavazi ya Mawindo katika Misitu ya Miombo

Mwindaji mwenye leseni anayejiandaa kuingia katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi au Ruvuma hana budi kuanza na sheria kabla ya rangi. Nchini Tanzania raia haruhusiwi kuvaa kombati wala nguo zinazofanana na sare za jeshi, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa waliokuwa nazo wazisalimishe. Kwa hiyo achana kabisa na nguo za mabakabaka, hata zile zilizoshonwa ughaibuni mahususi kwa mawindo. Nguo za rangi moja, zikichaguliwa kwa makini, zinatosha.

Wanyama wenye kwato, kuanzia swala pala hadi nyati, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lakini buluu huiona waziwazi. Ndiyo maana katika majimbo mengi ya Marekani mwindaji hulazimika kuvaa rangi ya chungwa iwakayo ili wenzake wasimpige risasi, na bado kulungu hashtuki. Linalomfichua mtu zaidi ni weupe au weusi wa nguo yake ukilinganishwa na kilicho nyuma yake.

Hapo ndipo majira yanapohusika. Mwezi Julai nyasi bado ni ndefu na zimekauka, kwa hiyo kaki ya rangi ya majani makavu ndiyo inayofaa. Moto ukishapita, ardhi hubaki nyeusi, vigogo huungua hadi kiunoni, na kaki ileile huonekana kwa mbali. Hapo vaa suruali ya kahawia iliyokolea au ya kijivu, na shati lililopauka kidogo, ili kiwiliwili kisionekane kama umbo moja la mtu aliyesimama. Kuelekea mvua za kwanza, miombo huchipua majani mekundu kama shaba, na watu wengi hudhani wanahitaji nguo za kijani, ilhali kahawia bado inafaa kuliko kijani kibichi. Ili kuwa na hakika, tundika nguo kwenye mti, rudi nyuma hatua 40, kisha upige kwa simu picha ya nyeusi na nyeupe: nguo ikijitokeza pichani, ibadilishe.

Usikimbilie nyeusi hata pale palipoungua. Mbung'o huvutwa sana na nyeusi na buluu, kiasi kwamba mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na mwindaji anayejipiga makofi shingoni kila dakika hawezi kujificha.

Chagua pamba laini, kwa maana nailoni hukwaruza kwenye miiba na sauti hiyo husikika mbali. Uifue kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, kwani sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha ambazo huifanya nguo itoe mng'ao wa buluu, rangi ileile ambayo mnyama huiona vizuri. Funika uso na viganja, na uvue saa.

Anayewinda kanga, kwale au bata maji azingatie rangi zaidi, kwa kuwa ndege huona rangi nyingi kuliko binadamu. Kwao, kijani cha matete kandokando ya bwawa kinapaswa kufanana kweli na matete yenyewe.