Namna ya kufuata dawa ndani ya ini mlango kwa mlango, mpaka ufike kwa rifampisini, dawa ya TB

Vijana wa staje wakija kwetu famasi hapa Lubumbashi, kichwani wamebeba CYP tu, zile enzaimu za ini zinazochakata dawa. Ukiwauliza hii dawa na ile zinagombana wapi, wanakumwagia orodha yote, 3A4, 2D6, 2C9, bila kupumua. Hawakosei, enzaimu zipo na kazi zinafanya, lakini enzaimu inakaa ndani ya seli, sasa dawa imeingiaje humo ndani? Na ikishachakatwa inatokaje? Kuna protini zimekaa kwenye utando wa seli, hizo njo zinabeba vitu kuingia na kutoka, sisi tunaziita transpota. Ukizijua hizo, mambo mengi ya ini yanaacha kuwa uchawi. Chukua karatasi na kalamu, hii si ya kusoma kwa macho peke yake.

HATUA YA 1: chora seli moja tu

Chora mraba. Hiyo ni seli moja ya ini. Kushoto andika DAMU, kulia andika NYONGO.

Upande wa damu: karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini inatoka tumboni na utumboni moja kwa moja kwa mshipa unaoitwa vena porta, ile robo inayobaki inaletwa na ateri, jumla kama lita 1.5 kila dakika kwa mtu mzima. Maana yake bukari yako, sombe yako na kidonge chako vyote vinapita hapa kwanza kabla mwili mwingine haujaonja kitu.

Upande wa nyongo: kuna kifereji chembamba sana katikati ya seli na seli, vifereji vinaungana, vinakuwa mfereji, mwisho nyongo inamwagika utumboni. Sasa weka mlango mmoja kushoto na mmoja kulia, na kila mlango uchore mshale. Mishale njo kitu chenyewe, juu transpota nyingi zinabeba upande mmoja tu, ukigeuza mshale hapa basi yote ya chini yatakuwa uongo.

HATUA YA 2: nani anaifungulia kuingia?

Ukipata dawa yoyote jiulize kwanza: ni ndogo na inapenda mafuta, ao ni kubwa, ina chaji na inapenda maji? Ile ya kupenda mafuta inapenyeza yenyewe kwenye utando, haimsubiri mtu. Ile nyingine bila transpota itabaki nje inazunguka kwenye damu.

Upande wa damu transpota ni nyingi ila kwa kuanzia shika nne. OATP1B1 na OATP1B3 ni ndugu, zinapatikana karibu tu kwenye ini, zinaingiza statini (zile dawa za kolesteroli), rifampisini, bilirubini (ile taka ya rangi ya njano inayotoka kwenye damu iliyozeeka), na vitu vingine vingi vyenye chaji hasi. OCT1 inapenda chaji chanya, metformini ya watu wa sukari inaingia kwa hiyo, na ni ndani ya ini njo metformini inafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Ya nne ni NTCP, kazi yake ni kurudisha asidi za nyongo kutoka kwenye damu. Na hiyo NTCP, tangu 2012 tunajua kwamba virusi vya hepataitisi B vinajishika hapohapo ili viingie kwenye seli, mlango umewekwa kwa nyongo na mwizi anautumia. Kuna dawa inaitwa bulevirtide kazi yake yote ni kuuziba.

Mlango wa kuingilia si sawa kwa watu wote. Jeni ya OATP1B1 inaitwa SLCO1B1, kuna watu wamezaliwa na aina yake inayobeba pole pole, wakinywa simvastatini inakawia kwenye damu badala ya kuingia kwenye ini, na misuli inaumia. Utafiti wa 2008 ulionyesha hivyo wazi kwa watu waliokuwa wanakunywa miligramu 80. Kwa hiyo mgonjwa akikwambia mapaja yananiuma tangu nianze hii dawa, usimwambie ni uzee.

HATUA YA 3: kazi ya ndani

Hapa sitakaa, hii mmeshafundishwa. CYP zinakata ao zinaongeza oksijeni, halafu enzaimu zingine (UGT na wenzake) zinafunga kitu kinachopenda maji ili taka isirudi kupenyeza kwenye mafuta. Kumbuka tu hili: ikishafungwa hivyo, ile taka haiwezi tena kutoka yenyewe, sasa inahitaji kubebwa.

HATUA YA 4: mlango wa kutokea, na huu unakula nguvu

Kwenye nyongo vitu vimejaa kuliko ndani ya seli, kwa hiyo transpota za upande huo nyingi zinachoma ATP, yaani mafuta ya kuendeshea seli, ili zisukume. P-gp inatoa dawa za kila namna. Hii ni ya zamani kwa umri wa sayansi hii, Juliano na Ling waliieleza 1976 kwenye seli zilizokuwa zinakataa sumu ya kolikisini. Kuna BCRP. Kuna MRP2, inatoa vitu vilivyofungwa, bilirubini ikiwemo. Halafu kuna BSEP, inatoa asidi za nyongo, na hiyo mimi naiogopa kuliko zote: dawa ikiiziba, asidi za nyongo zinabaki ndani ya seli na asidi za nyongo ni sabuni, zinayeyusha mafuta, seli yenyewe ina utando wa mafuta, malizia mwenyewe. Bosentani, dawa ya presha ya mapafu, inaiziba, na ni sababu mojawapo inayotajwa kwa nini wanaoitumia wanapimwa ini kila mwezi.

Sasa rudi upande wa kushoto wa mchoro wako, uongeze mlango mdogo wa KUTOKEA kwenye damu, uandike MRP3. Kama njia ya nyongo imejaa ao imezibwa, seli inaongeza MRP3 na kusukuma taka kwenye damu ili figo zimalizie. Ndiyo maana mtu mwenye nyongo iliyoziba anakojoa mkojo mweusi kama chai huku choo kinakuwa cheupe: bilirubini iliyofungwa imekosa njia ya kulia, ikatokea kushoto.

Ukitaka kuona kama mchoro umekuingia, chukua magonjwa mawili ya kurithi ambayo hayaui, yote yanafanya macho yawe manjano. Moja MRP2 haipo kazini, linaitwa Dubin-Johnson, ini lenyewe linakuwa jeusi. Jingine, Rotor, MRP2 ni nzima kabisa ila OATP1B1 na OATP1B3 zote mbili hazipo. Sasa swali, kama mlango wa kuingilia njo umekufa, kwa nini kwenye damu inajaa bilirubini iliyokwisha kufungwa, yaani ile iliyokwisha kuingia? Jibu: hata kwa mtu mzima wa afya sehemu ya bilirubini iliyofungwa inatoka kwa MRP3 kurudi kwenye damu, halafu seli za mbele zinaidaka kwa OATP na kuitupa kwenye nyongo. Ukiondoa OATP hakuna wa kuidaka. Stajieri akinijibu hili bila kuangalia karatasi namwachia kaunta.

HATUA YA 5: jaribu mchoro kwa sumu

Mvua zikianza hapa kwetu uyoga unajaa barabarani, kwenye mabeseni, na mwingine ni wa ukoo wa Amanita. Amanita loosei watu wa miombo wanaila miaka yote na ni tamu. Lakini ukoo huohuo una Amanita phalloides, ile ya Ulaya iliyosambaa mpaka Afrika Kusini, yenye sumu ya amanitini. Ifuate mlango kwa mlango: inaingia kwenye seli ya ini kwa OATP1B3, ndani inafunga mashine inayosoma jeni, seli inashindwa kutengeneza protini mpya. Sehemu inatoka na nyongo, inashuka utumboni, inafyonzwa tena, inarudi kwa vena porta, inaingia tena. Ini njo linaumia kuliko viungo vingi kwa sababu ya huo mlango. Mtu anaanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 ao 12, halafu siku ya pili anajisikia afadhali na familia inashukuru Mungu, kumbe ini linakwisha. Silibinini ya sindano inapewa kwa akili hiyohiyo, inaziba mlango wa kuingilia. Kwa hiyo mtu akitapika masaa mengi baada ya kula uyoga asioujua, apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, na mabaki ya uyoga yaende naye.

Nyingine ni ya mji wetu, shaba. Shaba inayotoka kwenye chakula inatolewa mwilini kwa nyongo, na anayeisukuma ni transpota moja, ATP7B. Aliyezaliwa na ATP7B mbovu shaba inamjaa ini, halafu ubongo, hata kwenye jicho inaweza kuonekana duara la rangi ya kahawia. Ni ugonjwa wa Wilson, aliyeueleza 1912, jeni ikapatikana 1993. Hauletwi na mgodi wala na kukaa karibu na kiwanda, ni wa kurithi, nasema hivyo juu kila mwaka kuna mtu ananiuliza.

HATUA YA 6: weka kalenda kwenye mchoro

Hapa njo rifampisini inawapoteza hata waliomaliza masomo. Dawa hiyo ya TB yenyewe inaingia kwa OATP1B1 na 1B3, na ikiwa mlangoni inawazuia wengine. Siku ya kwanza, atorvastatini ikipewa pamoja na dozi moja ya rifampisini, kiwango chake kwenye damu kinapanda karibu mara 7. Sasa mpe mtu rifampisini siku kadhaa kwanza, halafu atorvastatini bila dozi ya rifampisini pembeni: kinashuka karibu asilimia 80. Dawa ni zilezile! Kilichobadilika ni kwamba rifampisini imeamsha kidhibiti kinaitwa PXR, nacho kinaagiza seli itengeneze CYP3A4 nyingi, UGT nyingi, P-gp nyingi. Kuziba kunaanza saa ileile na kunakwisha dawa ikitoka, kuamsha kunachukua kama wiki 2 kukomaa.

Kwa hiyo kwa mgonjwa wa TB andika tarehe mbili kwenye karatasi, ya kuanza na ya kumaliza. Siku za kwanza bilirubini inaweza kupanda kidogo kwa sababu ya ule msongamano mlangoni, peke yake si lazima ini liwe limeumia. Angalia ALT (enzaimu ya ini inayopimwa kwenye damu): ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana kichefuchefu, maumivu ao macho manjano, ao ikizidi mara 5 hata kama hajisikii kitu, daktari asimamishe dawa zinazoumiza ini. Mkojo wa rangi ya machungwa ni rifampisini yenyewe, mwambie mapema asitishike.

Mama anayetumia vidonge vya uzazi ao kipandikizi, mwelekeze atumie njia nyingine, kitanzi ni kizuri, juu homoni zitachakatwa haraka kuliko kawaida. Anayekunywa dolutegraviri, dawa ya VVU, anahitaji miligramu 50 asubuhi na 50 jioni badala ya moja kwa siku.

Na usirudishe dozi ya kawaida siku anayomaliza TB. Enzaimu zilizoamshwa hazijui kwamba vidonge vimekwisha, ziko kazini bado. Dolutegraviri iendelee mara mbili kwa siku wiki 2 zaidi, njia ya pili ya uzazi iendelee wiki 4, na hizo tarehe ziandikwe kwenye kadi yake kabla hajatoka kaunta.