SOMO: Kutoka kidato cha sita hadi Mlimani, namna ya kuchagua programu na kuingia mwaka wa kwanza

Somo hili linawahusu wanaotaka kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, ambacho kampasi yake kuu ni Mlimani), ingawa hatua nyingi ni zilezile kwa chuo chochote kilicho chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Shika hili kwanza: kwetu huingii chuo ukachagua fani baadaye. Programu unayoandika siku ya kuomba ndiyo utakayoisoma miaka mitatu, minne au mitano. Kwa hiyo kazi ya kuchagua hufanyika mezani, Mwongozo wa Udahili wa TCU ukiwa mbele yako, kabla hujalipa hata senti.

Hatua ya 1: Geuza matokeo kuwa pointi za TCU

NECTA (Baraza la Mitihani) huhesabu A kuwa 1 na F kuwa 7, hivyo pointi chache ndiyo sifa. TCU wanahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Chukua mtu wa PCM mwenye C ya Fizikia, D ya Kemia na C ya Hisabati. Kwa NECTA ana pointi 10, divisheni ya pili. Kwa TCU masomo yake mawili bora yanampa 6. Anayechanganya mahesabu haya mawili huomba programu isiyomfaa, au huogopa programu anayoiweza.

Kigezo cha jumla cha shahada ni prinsipo mbili (masomo makuu uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, D na E hazitoshi. GS (General Studies) haimo kwenye hesabu hii hata ukiipata A.

Hatua ya 2: Soma mstari wa programu mpaka mwisho

Kuna miongozo miwili, mmoja wa kidato cha sita na mwingine wa wenye diploma. Pakua wa kwako, tena wa mwaka huu. Kila programu ina mstari wake: jina, msimbo, sifa za kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Wengi huishia kwenye jina.

Tazama udaktari wa binadamu. Sifa ni Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla ya pointi 6, na kila somo lisipungue D. Mwenye A ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 10, lakini hayumo. Mwenye D tatu ana 6 tu, na huyo anaruhusiwa kuomba.

Anaruhusiwa kuomba, ndiyo, ila asijenge matumaini. Pointi za chini ni mlango wa kuingia kwenye foleni. Baada ya hapo wenye alama za juu huchukuliwa kwanza mpaka nafasi ziishe. Ndiyo maana safu ya nafasi ina uzito: programu ya nafasi 50 yenye jina kubwa ni vita, ya nafasi 300 inapumua.

Angalia pia kampasi. Udaktari wa UDSM unasomwa Mbeya. Ualimu unaweza kuwa Mlimani, au kwenye vyuo vishiriki: DUCE pale Chang'ombe, au Mkwawa kule Iringa. Kozi za kompyuta ziko Kijitonyama, hivyo ukipata chumba Mlimani ujue kuna daladala kila siku.

Hatua ya 3: Punguza orodha kwa kuangalia kazi yenyewe

Andika programu zote ambazo sifa zake unazo, kisha tafuta orodha ya kozi za mwaka wa kwanza kwenye tovuti ya chuo. Jina hudanganya. Anayekwenda sayansi ya kompyuta akidhani ni kutengeneza kompyuta hukuta hisabati tupu mwaka wa kwanza. Uchumi nao umejaa takwimu. Jiolojia ina safari za porini, kwa hiyo kama jua na kutembea ni adhabu kwako, fikiri mara mbili.

Halafu hesabu njia nzima hadi kazini. Sheria ni miaka minne, na ukitaka uwakili unaongeza Shule ya Sheria. Uhandisi ni miaka minne kisha usajili wa ERB, bodi ya wahandisi. Udaktari ni mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

Panga machaguo hivi: la kwanza unalolitaka hata kama ushindani ni mkali, la pili na la tatu ambapo pointi zako zimezidi kiwango cha chini kwa kiasi kizuri, la mwisho lenye nafasi nyingi. Hilo la mwisho liwe kitu unachoweza kweli kukisoma, maana ndilo wengi wanalopewa.

Hatua ya 4: Omba kwa namba yako ya simu

Kosa linalorudi kila mwaka: kijana wa steshenari anakujazia fomu kwa barua pepe yake na laini yake ili amalize haraka. Ujumbe wa TCU ukija, unamwendea yeye. Fungua barua pepe yako, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako, andika nywila kwenye daftari. Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayotumia hapa ndiyo hiyohiyo uitumie Bodi ya Mikopo. Zikitofautiana, mifumo haitakutambua kama mtu mmoja.

Hatua ya 5: Mkopo usisubiri udahili

Anza na cheti cha kuzaliwa, kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), au ZCSRA kwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Fomu ya mkopo hupita serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, na mdhamini husaini. Kagua sahihi na mihuri kabla ya kupakia. Ukurasa mmoja usio na muhuri unatosha kukukwamisha. Majina yakipishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, shughulikia kiapo cha majina mapema.

Hatua ya 6: Thibitisha

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba maalum ya siri. Ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, iweke, hakikisha hali yako imebadilika. Dirisha likifungwa bila wewe kuthibitisha, nafasi imekwenda.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwanzo

Beba vyeti halisi, barua ya udahili, picha ndogo na fomu ya afya iliyosainiwa na daktari. Ukishasajiliwa chuoni, sajili pia kozi kwenye ARIS, mfumo wa mtandaoni wa chuo. Hizi ni kazi mbili tofauti. Asiyesajili kozi hugundua wakati wa mitihani kwamba jina lake halipo.

Kuhusu mzigo: krediti moja ni saa 10 za kazi. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 60 kwa muhula, saa 600. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki, vipindi na kujisomea pamoja. Kosweki (kazi na majaribio ya katikati ya muhula) ni alama 40, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni 60. A inaanzia 70, na chini ya 40 ni sapu, yaani mtihani wa marudio.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanangu alithibitisha chuo kimoja kwa haraka, sasa anataka kingine. Inawezekana?*

Mzazi, kama dirisha la uthibitisho bado liko wazi, atengue mwenyewe kwenye akaunti ya chuo alichothibitisha, kisha athibitishe kingine. Likishafungwa, asubiri kipindi cha uhamisho.

*Wakuu, nimepangiwa ualimu na nataka sheria. Nasikia ukishaingia unahama kirahisi.*

Si kirahisi, ndugu. Lazima uwe na sifa za programu unayoitaka na iwe na nafasi iliyobaki, na sheria mara nyingi imejaa. Ukikubaliwa, fuatilia na mkopo wako uhame pia, hauhami wenyewe. Usikubali ualimu kwa mpango wa kuuhama.

*Nimesoma Kenya, nina KCSE. Naanzia wapi?*

NECTA kwanza, kwa ajili ya ulinganifu wa vyeti. Bila hati hiyo mfumo wa maombi hautakusogeza.

*Shikamoo mwalimu. Niende na shilingi ngapi kama mkopo nimepata?*

Marahaba. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, haliingii siku unayofika. Kuna kusajiliwa, kusaini na kusubiri. Jipange kwa chakula na nauli za mwezi mzima. Ongeza 20,000 ya TCU na 50,400 ya bima ya afya ya NHIF. Kama tayari una kadi hai ya bima kupitia mzazi, beba kadi yenyewe na nakala yake, hiyo ya pili hutalipa.