Siku ya uvivu Paje, Zanzibar: jinsi ya kula vizuri bila kuhama hamoki

Kwanza alamu zima. Ukiamka saa nne ukakuta maji yamekupwa usijisumbue na kuogelea, Paje bahari inarudi mbali mpaka utachoka kuifuata, utawakuta tu kinamama na mwani wao. Chai ya hosteli achana nayo, mkate wa slesi na jemu si hata kwenu upo? Jifunge kanga (bikini iishie ufukweni jamani) uingie kijijini utafute maandazi ya iliki.

Mchana ni urojo, hapo ndo penyewe. Mchuzi wa njano mzito wenye ukali wa embe mbichi, ndani viazi, bajia, kachori, mshkaki, juu wanamwaga chatne ya nazi na chipsi za muhogo zile nyembamba, kula haraka kabla hazijalowana. Pilipili omba kando, mi nilijifanya mjuaji nikalia mbele ya watoto. Halafu dafu, halafu lala.

Kama ni Ramadhani mambo ya kula hadharani mchana hapana, subiri magharibi, futari ya muhogo wa nazi na pweza utaisahau hosteli.