Kabla mpunga haujaanza kuingia: mashine ya kukoboa uibakize au uiuze?

Wakuu, msimu ukishafunguka hapa Igurusi hakuna mtu anapiga hesabu tena, magunia yamepangwa mpaka nje na mashine ikilala nusu siku tu wateja washahamia kwa jirani. Kwa hiyo haya mambo yamalize mwezi wa tatu au wa nne, kichwa kikiwa kimetulia.

Kwanza daftari. La matengenezo, sio la mapato. Tarehe, kilichokufa, bei ya spea, fundi kala ngapi, mashine imelala masaa mangapi. Mimi nilikuwa naandika kwa chaki nyuma ya mlango, siku moja vijana wakapaka rangi, miaka miwili yote ikaondoka hivyo hivyo.

Halafu tenganisha vinavyochoka taratibu na vinavyokufa ghafla. Rola za mpira zinaisha huku unaona, mpunga unaanza kutoka na maganda, unakaza, unakaza tena mpaka basi. Ila balbu au mkanda unakata tu. Hapo swali ni ubadilishe kimoja kimoja kikifa au vyote kwa mpigo. Mikanda mimi nabadilisha yote, maana ukichanganya mmoja mpya na mitatu iliyovutika ule mpya ndo unabeba mzigo wote, nao unakufa mapema, halafu unapanda tena kosta kwenda Mbeya kufuata mkanda mmoja. Balbu za banda subiri ziungue, hata zikizima tatu kazi inaendelea.

Sasa mashine yenyewe. Tuseme ulinunua milioni 6. Ukiiuza baada ya mwaka mmoja unapata milioni 4, miwili 3, mitatu 2.4, minne 2. Matengenezo mwaka wa kwanza laki 4, wa pili laki 6, wa tatu laki 9, wa nne milioni 1.7. Chukua kilichopotea kwenye bei, ongeza matengenezo yote mpaka hapo, gawa kwa miaka, hapo unapata wastani wa gharama kwa mwaka. Mwaka wa kwanza inakuja milioni 2.4, wa pili 2, wa tatu kama 1.83, wa nne imepanda 1.9. Ikishageuka kupanda ujue ulitakiwa uachane nayo mwishoni mwa mwaka wa tatu. Na hapo bado hujaweka hasara ya kulala, iweke, tena kulala mwezi wa sita sio sawa na kulala mwezi wa kumi na mbili. Kama mpya unaichukua kwa mkopo, riba nayo iingie humo.

Kinachotuponza wengi ni ile ovahoo ya mwaka jana, yaani kuifungua mashine yote na kuitengeneza upya. Mtu anasema siwezi kuiuza, juzi tu nimeizamishia milioni. Kaka, hiyo milioni imeshaenda, uiuze usiiuze hairudi, angalia tu kuanzia leo mpaka msimu ujao itakula ngapi. Na ukiamua kuuza tangaza kabla ya mavuno, wanunuzi wakiwa bado na haraka, ukingoja mwezi wa tisa watakupangia bei wao.